Nyumba za Kulia za Berlin, na Mwenzangu Kasebele

Nilikuwa natafuna soseji wakati Kasebele aliponiona. Yeye alikuwa ndani ya uzio, mimi nje pamoja na Wazungu. Alikuwa ameketi juu ya mkeka mbele ya kibanda cha mianzi kilichojengwa na mtu asiyejua kujenga, amevikwa ngozi ya chui ambayo kwao Ipinda hakuivaa hata siku moja. Mbele yake paliwekwa bakuli la mti lenye uji mzito wa ngano. Wanaume wenye kofia ndefu, na wake zao na watoto wao, walijaa kando ya uzio wakingoja ale. Ilikuwa siku ya tatu hajala.

Aliponiona alisimama. Alicheka kama tulivyokuwa tukicheka malishoni, akasogeza bakuli kunipa nafasi, akaita kwa Kinyakyusa: “Gwe! Nilijua utakuja. Haya, nawa mikono, tule.”

Wazungu wakacheka wakidhani huo ndio mchezo wenyewe. Mimi nilipitisha mguu mmoja juu ya uzio. Mwenye maonyesho, jina lake Hesselbarth, akanikamata ukosi wa koti akanivuta nyuma. Alisema mtu mwenye koti na viatu akiingia mle ataharibu kila kitu. Bwana wangu Kolbe alikuwa amesimama hapo hapo. Nikamtazama. Akasema, “Mwache. Njaa ikimshika sawasawa atakula.”

Na kinywa changu kilikuwa kimejaa. Kutema mbele za watu sikuweza, kujibu sikuweza. Nikameza. Kasebele aliniona nikimeza.

Nyinyi vijana wa Ipinda na Matema na Katumba Songwe, mnaojipanga sasa mbele ya mahema ya Waingereza mkitaka kazi ya jikoni, mmekuja kwangu mara nyingi kuniuliza habari za Ulaya. Wanakula wapi? Wanakunywa nini? Ni kweli kuna nyumba ya pombe kubwa kuliko kanisa? Nitawaambia, maana nilimpikia Mjerumani mmoja tangu ndevu zangu hazijaota vizuri hadi alipokimbia vita juzi, na kazi hiyo imekwisha, sina bwana wa kumwogopa. Kusoma nilisoma misheni masika mawili tu, msinicheke mkiona makosa. Lakini habari za vyakula vya Berlin mtazipokea pamoja na habari za Kasebele. Tulikwenda wawili nikarudi peke yangu, na mpaka leo hakuna mtu wa serikali aliyemwambia mama yake ukweli.

Kasebele alikuwa wa rika langu. Mnajua maana yake, ingawa siku hizi wengine mnajifanya mmesahau. Tulitoka kwa baba zetu pamoja, tukajenga vibanda vyetu vya matete pembeni ya kijiji, tukawa tunazunguka kula kwa mama zetu, leo kwa huyu kesho kwa yule, wote bakuli moja. Mbalaga ya mama yake Kasebele, zile ndizi zetu za kupikwa, ilikuwa na maziwa mengi kuliko ya mama wengine wote, kwa hiyo zamu ya kwake hatukuikosa. Huyo mama namwita Juba, kama ninavyomwita mama aliyenizaa. Na kwetu mtu anayekula peke yake, wenzake wanamtazama, ametangaza mwenyewe kuwa ni mchawi. Hakuna haja ya kumpigia ramli.

Kazi tuliipata boma la Wajerumani kule Lumbira, ng'ambo ya ziwa, miaka ile sotoka ilipomaliza ng'ombe na kila nyumba ikawa na njaa. Mimi niliingia jikoni, Kasebele akawa dobi. Alipiga pasi vizuri mno, hata kola ya Kolbe ingeweza kukata ndizi. Kolbe alipopata likizo ya kwenda kwao akasema atatuchukua sote wawili. Juba alikataa. Basi Kolbe akamtuma karani wake, Mbaruku, mtu wa pwani, asomaye Kijerumani na kukiandika. Mbaruku aliketi kibarazani kwa Juba, akanywa maziwa yake, akasema serikali imeandika kwa wino kwamba watakwenda wawili na watarudi wawili, na kwamba yeye Mbaruku ni mdhamini. Juba akamwambia, “Sijui kusoma, baba. Nakusoma wewe usoni.” Mbaruku akacheka, akasema, “Basi soma, mama. Mimi sikimbii.”

Tulishuka na meli ziwani, tukapita mto Shire, na penye maporomoko tukatembea kwa miguu, tukafika pwani ya Wareno, halafu bahari siku nyingi hata nikasahau kuhesabu. Hamburg ilipotokea, nawaambieni ukweli, nilishika ukingo wa meli kwa mikono yote miwili. Milingoti ya meli ilikuwa mingi kama matete ya mto Mbaka. Vyuma vyenye shingo ndefu vilishuka tumboni mwa meli vikatoa magunia ishirini kwa pamoja, bila mtu kutoa jasho. Kasebele alinishika mkono. Akasema, “Watu hawa wakitukasirikia tumekwisha.” Nikamjibu, “Walishatukasirikia. Ndiyo maana tunawafulia nguo.”

Sasa sikieni habari ya kula bandarini. Mlango wa kwanza unaouona ukishuka melini, usiingie. Umewekwa hapo kwa ajili ya watu wenye njaa wasiojua kitu, na samaki wake amekaangwa jana. Pita nyumba tatu nne, tafuta mahali wapagazi wa bandari wanaingia wakiwa na mikono michafu na kutoka wakiwa kimya. Mpagazi aliyekula vibaya hutoka anatukana. Hili sikuambiwa na mtu, nililiona.

Tuliingia nyumba ya namna hiyo, Kolbe akiwa ameenda kushughulikia mizigo. Ndani palikuwa na mvuke, harufu ya mbaazi zilizopikwa na nyama ya nguruwe, na meza ndefu. Mezani alikuwako mpagazi mmoja, kijana wa miaka yetu hasa, anakula peke yake. Tukaangaliana. Tukamwonea huruma sana. Kasebele akasema, “Maskini, rika lake limekufa lote.” Kulikuwa na ndoo ya maji pembeni, tukanawa, tukaketi huku na huku, tukasema “Karibu tule,” kisha tukatia mikono katika sahani yake.

Yule mtu alibaki na kijiko hewani. Nyumba nzima iligeuka kututazama. Nilidhani atatupiga, maana mikono yake ilikuwa kama makasia. Akamtazama Kasebele, akanitazama mimi, tunatafuna tunatabasamu tukimtia moyo. Akaanza kucheka mpaka machozi. Akaita sahani kubwa zaidi, akaiweka katikati, akatupa kijiko chake, akala kwa mkono kama sisi, akajiunguza vidole na kulaani. Alikuwa ndiye Mzungu pekee niliyekula naye chombo kimoja maishani mwangu. Kolbe alipotukuta alitupiga makofi nje ya mlango. Alisema tumemwaibisha. Mpagazi hakuwa ameaibika.

Kwa hiyo mkienda huko kumbukeni: kila mtu ana sahani yake na mpaka wake. Hata mume na mke. Nimeona kwa macho yangu mwanamume akiomba ruhusa kwa mkewe kuonja mchuzi wake.

Berlin tulikaa kwa dada yake Kolbe. Jikoni alitawala mpishi mwanamke aliyeitwa Lene, mnene, mwenye sauti ya askari, na mengi ninayoyajua katika kazi hii nilifundishwa naye. Siku ya kwanza alinitia kisu mkononi na kitunguu, akatazama nikikata. Akasema, “Nani alikufundisha?” Nikasema mpishi wa pwani. “Alikufundisha vizuri. Sasa nunua kama mpishi pia.” Akanichukua asubuhi kwenda kwenye soko la ndani ya nyumba.

Vijana, soko lile! Paa lake ni chuma na kioo, juu kiasi cha kwamba ndege walikuwa wanaishi mle ndani na hawajui kama wako ndani. Mikunga walio hai wakizunguka katika mapipa, kabichi iliyochachushwa ikinuka kama ngozi mbichi lakini tamu, jibini kubwa kama jiwe la kusagia. Na vipande vya barafu virefu kama mtu, samaki wamelazwa juu yake wametulia. Niliweka kiganja kwenye barafu nikakiondoa haraka nikidhani nimeungua. Lene akashika shavu la samaki, akalifunua. “Jekundu, nunua. Kahawia, mwachie mjinga.” Nikamwambia kwetu hata mtoto wa Matema anajua hilo kwa samaki wetu mbasa. Akasema, “Basi kumbe kwenu kuna watu.” Hakusema kwa kejeli. Alishangaa kweli.

Yeye ndiye aliyenifundisha kanuni ya kuchagua nyumba ya kula katika mji nisioujua. Usisome mbao, usitazame mapazia. Zunguka nyuma. Kama takataka za jikoni zina maganda na mifupa, mle ndani wanapika. Kama zina makopo matupu, wanafungua tu. Halafu mtazame anayeleta chakula: kama anakula humo humo, kula, kama mchana anatoka na mkate wake mfukoni, toka naye. Kanuni hiyo nimeitumia Chinde na Tanga na imeniponya tumbo.

Nyumba ya pombe ni kweli, ni kubwa kuliko kanisa. Tulipelekwa Jumapili moja na kaka yake Lene, mwendesha gari la farasi. Wanywaji labda mia kadhaa, ngoma ya tarumbeta za shaba inapigwa jukwaani, na mwanamke mmoja anabeba bilauri kumi na mbili nzito mikononi, zimejaa, hamwagi. Nilisimama kumtazama huyo mwanamke kama mtu anayetazama mlima. Bilauri zina vifuniko vya bati. Sasa hakuna aliyetuambia kwamba ukiacha kifuniko wazi umeomba nyingine. Sisi tulifungua, tukaacha wazi ili kuonyesha kwamba hatuna wasiwasi na pombe ya mwenyeji. Yule mama akaleta. Tukanywa. Akaleta. Na kwetu kukataa pombe uliyoletewa ni kusema umeona sumu ndani yake, kwa hiyo nani angekataa? Ya tano ilipofika Kasebele alinong'ona, “Mama huyu anatupenda kupita kiasi.” Ya saba nilianza kulia kwa ajili ya ng'ombe wa baba yangu. Mwendesha gari alitupakia kama magunia ya mpunga. Basi, funika bilauri. Hakuna atakayedhani umemshuku mtu.

Lakini kitu ambacho hata leo nikilala nakiona ni ukuta uliogawa chakula. Ilikuwa nyumba ya vioo na taa na marumaru, katikati ya mji. Ukutani visanduku vidogo vyenye milango ya kioo, ndani ya kila kimoja mkate wenye nyama au samaki. Unatia sarafu, chuma kinalia, chakula kinashuka mbele yako. Pembeni kuna bomba lenye kichwa cha simba, unatia sarafu, linatapika kahawa na maziwa, likifika ukingoni mwa kikombe linaacha lenyewe. Hakuna mpishi. Hakuna mtu. Mimi niliye mpishi nilisimama pale nikichungulia nyuma ya visanduku nione mkono wa mtu. Nilimwuliza Lene aliyetuleta, “Nani amepika?” Akainua mabega.

Kasebele alichukua mkate wake, akainama kidogo mbele ya ukuta kwa adabu, akaushukuru, “Ndaga.” Akangoja ajibiwe. Halafu akanipa nusu. Watu waliokuwa karibu wote walikuwa wanakula wamesimama, kila mmoja anautazama ukuta, hawasemezani. Kasebele akasema polepole, “Ni pazuri kuliko ndoto. Lakini hapa mtu anaweza kufa amesimama na mwenzake asijue.”

Wiki iliyofuata Kolbe alimpeleka kwa Hesselbarth. Sababu ilikuwa ndogo tu: mji ule una wanawake wa kufua, dobi hana kazi, na dada yake Kolbe hakutaka watu wawili weusi ndani. Mimi nilihitajika, maana wageni wake walipenda pilau yangu. Hesselbarth alikuwa na bustani ambako watu waliingia kutazama wanyama na watu wa mbali. Alitaka mtu wa Ziwa Nyasa wa kula kwa mkono saa sita mchana. Kolbe alisema ni siku kumi na nne, halafu atarudi. Kasebele aliniuliza, “Nitakuwa nakula na nani huko?” Nikamwambia, “Siku kumi na nne ni kitu gani?” Hayo maneno niliyasema mimi, siwezi kumbandikia mtu mwingine.

Siku ya uzio mmekwisha kuisikia. Usiku ule nilipika mchuzi wa kuku, asubuhi Lene akaufunga kwa blanketi ndani ya kikapu tukaenda. Mlinzi wa Hesselbarth alikataa kunipitisha, lakini Lene aliingia kwa kumsukuma kwa tumbo lake. Alitoka uso umebadilika. Alisema, “Nimemlisha vijiko vinne. Anakohoa. Amelala bandani pamoja na nyani, na hakuna jiko la moto. Mwambie bwana wako leo.” Nilimwambia Kolbe siku hiyo hiyo, nikimpakulia. Akasema mpishi mzuri hana mdomo. Lene akamwambia dada mtu, akajibiwa atafute kazi kwingine kama hii imemchosha.

Kabla ya siku kumi na nne kwisha tulikuwa tumepanda garimoshi kwenda Hamburg. Niliuliza, nikaambiwa Kasebele atafuata na meli inayokuja. Mtaniuliza kwa nini sikukataa kupanda nikapiga kelele, nikajitupa chini. Nami najiuliza. Nilikuwa mbali na kwetu kuliko mtu yeyote wa Ipinda aliyewahi kuwa, na aliyejua njia ya kurudi alikuwa Kolbe.

Tulirudi, boma likahamia Tukuyu, nikaendelea kupika. Miezi ilipita. Siku moja Kolbe alipokea barua kutoka kwao, akaisoma amesimama, akaandika kikaratasi, akavitia pamoja katika bahasha, akanipa nimpelekee karani Mbaruku Ipinda, ambako siku hizo alikusanya kodi ya vibanda. Nilitembea nayo kutwa nzima kifuani. Mbaruku aliisoma mbele yangu. Aliikunja upya. Kisha akavaa kanzu nyeupe, akaenda kwa Juba, mimi nikamfuata nyuma, akamwambia, “Mama, furahi. Mwanao amepata kazi kubwa Ulaya. Anakula nyama kila siku. Amesema hatarudi.”

Juba aliuliza, “Amesema mwenyewe?”

“Mwenyewe.”

Nilipofungua kinywa kusema tulimwacha akikohoa, Mbaruku alinivuta kando ya migomba akasema, “Mpishi, umeona kiboko kinavyofanya kazi bomani. Unataka kukionja?” Nikanyamaza. Nikanyamaza miaka yote ile, na kila nilipopita kwa Juba alinipa chakula, akiniuliza kama kuna salamu.

Juzi Waingereza walipovuka Songwe, Kolbe alikuwa anafunga masanduku Tukuyu. Nilishika kishikio cha sanduku lake la mwisho sikuliachia. Nikasema, “Bwana, Kasebele yuko wapi?”

“Kasebele nani?”

“Dobi.”

Alifikiri kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. “Yule? Alikufa baridi ile ile. Mapafu. Mimi nilimwandikia karani amwambie mama yake, na barua ya Hesselbarth nikaiweka humo. Si wewe uliyeipeleka?”

Nikaliachia sanduku. Nilishuka mlima mpaka Ipinda bila kupumzika, nikamwambia Juba yote, uzio na soseji na kumeza kwangu. Sikuficha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Miaka yote hii nimekuwa nikimtukana mwanangu. Nimewaambia majirani ana moyo wa jiwe, amelewa nyama za Ulaya, amemsahau mama yake. Na kumbe nilikuwa namtukana marehemu.” Hakulia. Akauliza alizikwa wapi, na nani alikuwapo. Hayo Kolbe hakuniambia. Hatukupiga ngoma ya msiba, hatukunyoa, hatukuchinja. Kwetu mtu ambaye kaburi lake halijulikani yuko njiani bado.

Nilikwenda kwa Mbaruku. Siku hizi amewekwa na Waingereza kuwaandikia, maana nao hawana mtu mwingine anayejua hesabu za vibanda. Akaniambia, “Barua za Wajerumani zimekwenda na Wajerumani.” Nikamwambia, “Sanduku lako la chuma nalijua, hutupi karatasi hata ya kufungia sukari.” Akafunga mlango.

Haya ninayaandika ili yasomwe kwa sauti, nanyi vijana mnaojua kusoma myasome barazani na sokoni. Kolbe amekimbia, Hesselbarth sijui kama yu hai. Majina yao nimeyataja na siku wakipatikana waulizwe. Lakini wewe Mbaruku hujakimbia. Unalima mpunga bonde lile lile, watoto wanakuamkia. Uliisoma barua ile, ukatembea mpaka kwa Juba, ukamtazama usoni, ukasema anakula nyama kila siku. Jumapili baada ya ibada sisi wa rika lake tutaketi kwa Juba, wote tuliobaki. Njoo na barua. Uisome mbele yake neno kwa neno, mwanawe alikufa siku gani, amelazwa wapi, na kisha umwambie nani alikutuma uibadilishe au kama ulijituma. Usipokuja tutakuja sisi mlangoni kwako, na Juba atakuwa mbele.